Mgeni Aliyejua Lugha ya Jikoni Kwetu

Vale de Murtas,
Jumanne, 26 Julai 1994

Kwako kaka yangu Belmiro,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umeketi kwenye kile kiroshani chenu cha huko Lyon, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, na Odete akikugombeza kwa sababu ya sigara. Magoti yako yanaendeleaje? Na wajukuu, bado wanakataa kula supu? Mimi huku ni mzima, ila jino moja la nyuma linanisumbua. Joto la mwaka huu limepita kiasi. Mbwa wanalala katikati ya barabara na magari ndiyo yanayowapisha. Padre wetu mpya ni kijana, anaendesha misa mbio mbio hadi wazee wanasema bila shaka ameacha chungu motoni. Fundi viatu Bartolomeu alituacha mwezi wa Mei, Mungu amrehemu. Alikuwa akiniulizia habari zako kila nilipopita mlangoni pake.

Kaka, barua hii ni ndefu. Naomba uisome ukiwa peke yako, kisha ndipo uamue kama utamsomea Odete. Ningeweza kukupigia simu, lakini kuna maneno ambayo sauti yangu haiwezi kuyabeba. Nimejaribu mara mbili kuinua simu pale mkahawani kwa Hermínio, na mara zote mbili nimeirudisha na kuagiza kahawa nisiyoitaka.

Mambo yenyewe yalianza wiki ya pili ya mwezi huu. Alikuja mgeni. Aliingia na gari dogo jeupe lenye namba za Kihispania, akaegesha uwanjani mbele ya kanisa, akashuka, akasimama kwenye jua la saa saba bila kofia akiutazama mnara wa saa. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye kipara kinachoanza. Alikodi chumba kwa Genoveva, yule mjane wa mwokaji mikate, akasema anaitwa Evaristo, anatoka Bilbao, na amekuja kununua mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa ajili ya duka.

Hapo hapakuwa na ajabu. Wahispania wananunua nyama yetu tangu zamani. Ajabu ilikuja alipofungua kinywa. Yule bwana alikuwa anasema lugha yetu.

Wewe unajua, Belmiro, lugha yetu haifundishwi. Mwalimu wetu alituchapa viganja kwa ajili yake na hakuweza kuitoa. Wakija watu wa Lisbon tunawasemesha Kireno cha shuleni. Tukivuka daraja la mpakani tunasema Kihispania. Tukirudi nyumbani tunazivua zote mbili mlangoni kama viatu vya matope, tunabaki na ile yetu. Wareno wanatucheka kwamba sisi Wahispania, Wahispania wanatucheka kwamba sisi Wareno, na sisi tunawacheka wote kwa maneno wasiyoyaelewa. Sasa fikiria mtu usiyemjua, hajazaliwa hapa, hajaoa hapa, anaingia mkahawani na kuagiza kinywaji kwa maneno yale yale na ule ule uvivu wetu wa kumeza mwisho wa neno. Ilikuwa kama kurudi nyumbani ukamkuta mtu ameketi mezani amevaa koti la baba yako.

Hermínio, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe na tumbo lake limekua sawasawa na cheo, alikuja dukani kwangu jioni ile ile, hana hata salamu.

“Deolinda, yule mtu anasema kama sisi na si wetu. Mtu wa namna hiyo ni mmoja kati ya wawili: pepo au serikali.”

Genoveva, aliyekuwa amekuja kuchukua mafuta ya nguruwe, akamjibu pale pale, “Pepo hatandiki kitanda chake mwenyewe. Huyu anatandika, na shuka anakunja pembe. Ni serikali.”

Tulicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Unaelewa sababu. Mwezi wa nane unakaribia, na fahali wetu wa Agosti bado anafia uwanjani kama alivyofia mbele ya babu zetu, sheria iliyokataza kumuua ikitaka isitake. Mwaka jana walikuja watu wenye kamera na makaratasi, hakimu akatoa amri, askari wakaja na amri yenyewe mkononi, na fahali akafa vilevile mbele ya kanisa, umati wote umesimama na hakuna aliyeona ni nani aliyeshika upanga. Walituuliza mmoja mmoja. Watu elfu mbili, na wote walikuwa wakitazama upande mwingine! Mwaka huu ilisemekana wataleta mtu wa kukaa miongoni mwetu mapema, asikilize, ajue majina. Basi mgeni anayejua lugha yetu alikuwa nani kama si masikio ya Lisbon?

Tangu siku ile mji ulijifunga. Akiingia mkahawani, watu walihamia Kireno cha shuleni, kile cha barua za serikali, hata wale wasiokijua vizuri. Ungemsikia Hermínio akimwambia, “Bwana mheshimiwa angependelea kinywaji cha aina ipi?” ungevunjika mbavu. Mgeni alimjibu kwa lugha yetu, taratibu, kwamba angependelea kile ambacho Hermínio angempa binamu yake. Hermínio alimpa kahawa ya asubuhi, baridi.

Siku ya tatu Genoveva alipekua sanduku lake. Anasema alikuwa anafagia na sanduku likafunguka lenyewe, nami sikubishana naye. Hakukuta kamera. Alikuta mashati matatu, dawa ya kikohozi, na karatasi ya zamani iliyokunjwa hadi ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Ilikuwa ramani ya mji wetu, iliyochorwa kwa penseli. Aliileta kwangu ndani ya aproni, akaitandaza juu ya meza ya kukatia nyama.

“Tazama mwenyewe. Uwanja huu. Kanisa hili. Njia ya kushuka mtoni. Hapa ndipo watapanga askari wao. Na tazama, nyumba yako ameiwekea msalaba. Wanakujia wewe kwanza, kwa sababu fahali hulala zizini kwako kabla ya sherehe.”

Kisha akacheka kwa dharau, akaweka kidole katikati ya uwanja. “Ila serikali nayo imekosa watu. Mjinga ameweka kisima pale ambapo hakuna kisima.”

Belmiro, kile kisima kilifukiwa mwaka wa sitini na moja. Genoveva amesahau, kwa kuwa amezoea kupita juu yake kila siku. Mimi sikusahau. Nilitazama ile ramani nikaelewa kwamba aliyeichora alikuwa ameujua mji wetu kabla ya mwaka huo na hakuuona tena. Na msalaba mdogo haukuwa kwenye mlango wa mbele. Ulikuwa kwenye dirisha la jikoni, upande wa uani, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kufika.

Nilimwambia Genoveva airudishe karatasi kabla mwenyewe hajarudi, na nikamwambia kwamba naam, inaonekana ni kazi ya serikali.

Kesho yake alikuja dukani. Nilikuwa nikimsubiri na nikiomba asije. Alisalimu vizuri, akasema anataka kuonja. Nikamshusha paja moja lililoning'inia, nikampa sindano ya mfupa, ile ile ya Baba. Mnunuzi wa kweli huichoma haraka karibu na kiungo, huinusa mara moja, na kuziba tundu kwa mafuta kabla hewa haijaingia. Huyu aliichoma kama daktari anayemwogopa mgonjwa, akainusa muda mrefu amefumba macho, na tundu akaliacha wazi. Nikajua hakuwahi kununua paja la nguruwe maishani mwake.

Nikamuuliza duka lake huko Bilbao liko mtaa gani. Akataja mtaa. Nikamuuliza linafungwa saa ngapi. Akatabasamu. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega langu, kwenye picha ya Mama ukutani.

Nilikuwa nimekata mkate wa kuonjea nyama, na kipande cha pembeni kilikuwa kimeungua kidogo. Akakinyooshea kidole akaniomba, kwa adabu kabisa, kama ningeweza kumpa ile *rispola*.

Kisu kilinianguka. Wewe mwenyewe sasa hivi, huko Lyon, umelisikia neno hilo kwa sauti ya Mama. Halimo katika Kireno, halimo katika Kihispania, wala halimo katika lugha ya mji huu. Bibi ndiye aliyelitunga kwa kinywa chake kisicho na jino hata moja, na halikuwahi kutoka nje ya jikoni yetu. Walioliongea walikuwa watu sita. Wanne wako makaburini, ndivyo kila mtu ajuavyo hapa: Bibi, Baba, Mama, na dada yetu Celestina, ambaye kaburi lake halina mwili. Tumebaki wewe na mimi.

Nilimwambia duka limefungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hakubisha. Aliweka sindano mezani, akasema kwa sauti ya chini kwamba atakuja tena nitakapokuwa tayari, akatoka.

Sasa nifike kwenye jambo la aibu. Ijumaa tarehe kumi na tano kamati ilikutana kwenye ukumbi wa dansi, nami nikaitwa kwa sababu ya zizi. Hermínio alieleza yote: lugha, ramani, sindano. Kisha akanigeukia mbele ya watu thelathini na kuniuliza kama mimi, niliyezungumza naye ana kwa ana, namfahamu au nina neno la kumtetea. Nilikuwa na neno. Nilikuwa nalo tangu asubuhi ya jana yake. Nikasimama nikasema simfahamu, na kwamba aliniuliza habari za fahali na majina ya wanaoshika upanga.

Hakuniuliza hata neno moja la fahali. Nilimzulia, Belmiro. Nilitaka aondoke.

Jumamosi asubuhi walimtoa. Vijana ishirini walimsubiri mlangoni kwa Genoveva, sanduku lake limeshawekwa nje. Gari lake walikuwa wamelitoa upepo magurudumu yote manne, kwa hiyo alikwenda kwa miguu, katikati ya barabara, hadi darajani. Watu walichungulia madirishani. Walimpigia masufuria. “Kawaambie Lisbon tumekusalimia!” “Sema sasa kile kilugha chako, jasusi!” Mmoja alirusha jiwe, likampasua juu ya jicho. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za kanisa. Alipita hatua kumi kutoka nilipo, damu inamshuka shavuni, akanitazama. Angeweza kusema neno moja tu na masufuria yote yakanyamaza. Hakulisema. Alipitisha macho kana kwamba hanijui, akaendelea.

Hapo ndipo niliposhindwa. Mwovu angenitaja. Mtu aliyekula jiwe kwa kulinda siri yangu nilimwonea haya kuliko padre yeyote niliyewahi kumpigia magoti. Nilirudi nyumbani, nikachukua kitambaa safi na chupa ya maji, nikapita njia ya mashamba wasinione, nikavuka daraja. Kibanda cha walinzi siku hizi hakina mtu, popo wamekifanya kwao. Nilimkuta ng'ambo, ameketi kivulini, anajifuta uso kwa shati.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: nani alikufundisha neno lile?

Akasema, “Mama yangu, Mama Mdogo. Aliniambia nisilitamke mbele ya mtu mwingine yeyote. Na aliniambia, Deolinda asiponipa ruhusa, nirudi nilikotoka nisiseme mimi ni nani.”

Vuta pumzi, kaka. Kama umesimama, keti.

Celestina hakuzama. Yuko hai. Ana miaka sitini na mbili, anaishi Bilbao, ana mtoto huyo mmoja, na mumewe amefariki majira ya baridi yaliyopita. Mumewe alikuwa Anselmo Gallardo, yule mlinzi wa mpaka wa upande wa pili, kijana mwenye kidevu kilichogawanyika tuliyekuwa tukimtania kwamba kimepasuliwa kwa shoka. Mwenzake mmoja ndiye aliyempiga risasi Ami Zacarias mgongoni akivusha gunia la kahawa ya magendo begani, na Baba aliapa juu ya jeneza kwamba mtu wa sare ile akiingia nyumbani kwetu ataingia akiwa maiti. Ungemwambiaje baba kama yule kwamba binti yake anampenda Gallardo?

Walipanga wao wawili, na wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka ujumbe, nikijifanya naokota kuni. Asubuhi ile ya Februari, mto umefurika na ukungu umeshuka, mlipovuka na kahawa mgongoni mmeshikana mikono, Celestina alijua ni jiwe lipi la kuachia. Alilipima wiki nzima. Chini ya jiwe lile maji yanaingia kwenye matete na hayazidi kiuno. Gallardo alikuwa ameshasimama pale na nyumbu. Na ule mtandio wake uliopatikana kwenye tawi chini zaidi, ule ambao Mama alizikwa nao, mimi ndiye niliyeutundika. Kisha nikapiga kelele, nikajifanya nimeuona.

Ulipiga mbizi mara tatu. Mara ya tatu walikutoa kwa nywele. Evaristo ameniambia kwamba mama yake aliyaona hayo yote kutoka kwenye matete, na alifungua kinywa akuite, na Gallardo akamziba kwa kiganja. Anasema hakuwahi kumsamehe kabisa kwa kiganja kile, hadi siku ya kumzika.

Na mimi nilikuwepo Baba alipokuja kitandani kwako ukiwa na homa akakuambia kwamba mwanamume hurudi bila mzigo, harudi bila dada. Nilisimama mlangoni nimebeba bakuli la supu. Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Nikaweka bakuli chini nikatoka.

Utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Tulipatana kwamba nitanyamaza hadi sherehe ya Agosti, wakishafika mbali, kisha niwaambie wewe na Mama kwa siri. Agosti ilifika nikaogopa Baba. Hilo ni kweli, nawe ungelikubali, na ningeweza kuishia hapo. Lakini Baba alikufa mwaka wa hamsini na tisa, na bado sikusema. Kwa hiyo nitakuambia na lililobaki, hata kama hutaniandikia tena. Kabla ya Februari ile nilikuwa mtoto wa tatu. Celestina alikuwa mzuri, wewe ulikuwa mwanamume, na mimi nilikuwa wa kutumwa kuni. Baada ya mto, na baada ya wewe kukimbilia Ufaransa kwa sababu hukuweza kuusikia mto ule ukipita, Mama alinigeukia mimi. Alinisuka nywele. Alilala ameshika mkono wangu. Nilikuwa mtoto wa pekee, Belmiro, na nilipenda. Nililia naye kwenye misa ya kila Februari, na nililia kweli, lakini nikirudi nyumbani nilikula vizuri.

Celestina aliandika mara tatu, kwa jina langu, akapitishia kwa mwokaji. Ya kwanza ilikuja mwaka wa hamsini na tatu, kusema mtoto anatarajiwa. Niliichoma. Ya pili ilikuja Baba alipokwisha kufa. Niliichoma. Alidhani nimewaambia na kwamba ninyi ndio mliokataa kumjibu. Ameishi miaka arobaini na miwili akiamini kwamba mama yake na kaka yake wamemfuta.

Jumapili, misa ilipokwisha, nilisimama kwenye ngazi zile zile za kanisa nikawaambia watu wote. Sikuwa na ujasiri, ila niliogopa nikilala usiku mwingine ningepata sababu nyingine ya kunyamaza. Nilisema kwa lugha yetu ili pasiwe na kisingizio cha kutoelewa. Nilipomaliza, wa kwanza kusogea alikuwa Genoveva. Nilidhani atanipiga.

“Miaka arobaini na miwili,” alisema, “nimemwashia Celestina mishumaa, na goti langu bovu. Na kumbe alikuwa Bilbao anakula samaki!” Kisha akakaa chini kwenye ngazi akalia hadi wakamletea maji.

Hermínio alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akasema fahali ni fahali lakini jiwe lile lazima liombewe radhi, na kwamba yeye mwenyewe atajaza upepo magurudumu yale kwa pampu ya mkono. Aliyajaza, kaka, yote manne, juani, na vijana wakamcheka. Kisha walivuka daraja kumfuata Evaristo kwenye nyumba ya wageni ya upande wa pili, wakamrudisha, wakamketisha mkahawani mbele ya sahani iliyojaa. Hata hivyo, kabla hajaanza kula, nilimsikia Hermínio akimwinamia na kumuuliza, kwa sauti ya urafiki, kama kweli kabisa hana kamera.

Sasa mashaka yamehamia kwangu. Nikimsalimu mtu, anaipima salamu kabla ya kuipokea. Jana mwanamke mmoja alilipima tena nyumbani kwake paja nililokwisha kumpimia. Nimeyalima mwenyewe.

Alhamisi nilizungumza na Celestina kwa simu. Sauti yake imekuwa nzito, lakini bado anameza mwisho wa maneno kama hajaondoka. Aliniuliza Mama alikufa mwezi gani. Nikamwambia Machi, mwaka wa sabini na tisa. Akasema, “Machi ile nilikuandikia, Deolinda.” Akaongeza kwamba mimi na yeye tutaongea siku nyingine, si sasa, na kwamba anataka kuja nyumbani kabla ya sherehe ya tarehe ishirini na saba Agosti, lakini hatavuka daraja lile mpaka wewe ukubali. Akaniamuru nikuandikie kila kitu, nisipunguze. Sijapunguza.

Kama unadhani nakudanganya tena, una haki. Kwa hiyo nimeweka ndani ya bahasha hii barua yake ya tatu, ya Machi ile. Ilifika jeneza la Mama likiwa sebuleni, na siku ile mkono ulikataa kuwasha kiberiti. Sikuwahi kuifungua. Mwandiko wa juu utautambua. Ina jina langu, lakini nadhani imekuwa yako siku zote.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nikikuomba, utajiona unalazimika kunijibu kwa upole kwa kuwa ndivyo ulivyo, na mimi sitaki upole wa kulazimishwa. Nataka ujue jambo moja tu, nalo lirudie hadi liingie: wewe hukumwachia mkono. Ulimshika barabara. Anasema ilimbidi akuume kidole ili aponyoke.

Msalimie Odete, mwambie ile kahawa aliyonitumia ilifika salama. Wabusu wajukuu. Genoveva anakusalimu na anasema ukija atakutandikia kile chumba cha mbele. Simu ya mkahawa haijabadilika. Kuanzia Jumatatu ijayo nitakuwa nimeketi pale kila siku saa sita mchana, hadi kengele ya saa saba. Ukipenda kuniongelesha, nipo. Ukipenda kumwongelesha Hermínio tu, umwambie Celestina aje au asije, nitampa simu na kutoka nje, wala sitamuuliza umesemaje juu yangu.

Dada yako,
Deolinda